Dawa ya zege ya nchi za barafu, niliyoipaka Shangani

Mvua za mwaka huu zilipokwisha, nilinunua katika duka moja la vifaa vya ujenzi hapa Mtwara debe la lita 5 la dawa ya kupaka juu ya zege, ambalo lebo yake ina picha ya theluji na ahadi ya kulinda sakafu za nje zisiharibiwe na maji yanayoganda. Muuzaji mwenyewe alicheka nilipomuuliza barafu hiyo itafika mtaani kwetu Shangani kwa njia gani.

Hata hivyo, ahadi hiyo si ya kupuuzwa. Zege, hata lililoshindiliwa vizuri, lina vitundu vinavyofyonza maji, na maji yakiganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9. Yasipopata pa kutanukia husukuma kuta za vitundu hivyo, na yakiganda usiku na kuyeyuka mchana mara nyingi, uso wa sakafu hubanduka magamba. Huko nchi za barafu chumvi ya kuyeyushia barafu hununuliwa na kunyunyizwa. Sisi chumvi ya bahari tunaletewa na upepo wa kusi bila malipo: hupenya pamoja na unyevu, hukauka ikawa chembe ndani ya vitundu, na ikifika kwenye nondo huchochea kutu, ambayo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ikalipasua zege kutoka ndani. Kwa hiyo kinachozuia maji kule kina kazi huku pia.

Nilipaka baraza koti mbili kwa rola, asubuhi kabla sakafu haijachemka, na debe lote likaishia kwenye mita za mraba 12 hivi. Awali kikombe cha maji kilinywewa papo hapo. Miezi mitano baadaye, maji bado husimama matone kama juu ya jani la gimbi. Utelezi niliouhofia, kwa kuwa mama mkwe hupita hapo na ndoo, haukutokea.

Lawama yangu ni kwamba maelekezo hayana hata neno moja la Kiswahili, na muuzaji hakunieleza kuwa dawa haiponyi palipokwisha kuoza. Pembe ya baraza iliyojengwa kwa mchanga wa pwani wenye chumvi, na iliyokwisha kupata ufa, niliipaka kwa kubahatisha, na baada ya miezi miwili ufa uleule ukatoa kutu tena. Pale ni kugonga zege, kusugua nondo na kumwaga upya.

Debe la pili nimelinunua kwa ajili ya ngazi za mbele, nalo linasubiri zege jipya la ngazi hizo likomae, litimize siku 28.