Gari la kuvuta trela la farasi: acheni kuuliza linavuta kilo ngapi

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji yanafanana mno. Gari ni jipya au karibu jipya. Karatasi zake zinasema linavuta kilo 3,500. Trela lenye farasi wawili halifiki kilo 2,500, kwa hiyo mnunuzi anaona amejiachia nafasi ya kutosha. Halafu anafunga trela, anapandisha farasi, na gari linaketi nyuma kama limechoka. Taa za mbele zinamulika matawi ya miti. Usukani unakuwa mwepesi mkononi. Mteremko wa kwanza tu, trela linaanza kuyumba. Akirudi kwa muuzaji anaambiwa ajifunze kuendesha.

Hilo jibu linanichukiza, maana aliyemtajia zile 3,500 ni muuzaji huyo huyo, na hakumtajia namba nyingine hata moja.

Kwa hiyo leo sitazungumzia nguvu za farasi za injini, wala ulaji wa mafuta, wala rangi ya viti. Injini yoyote ya dizeli yenye tabo inayouzwa sasa kwenye gari kubwa la 4x4 ina nguvu za kuvuta farasi wawili. Gari hushindwa nyuma, kwenye ekseli (chuma kinachobeba jozi ya magurudumu), springi na chasisi. Huko ndiko mnunuzi haangalii.

Mgongo wa gari

Tuanze na uzito wenyewe. Farasi wa kupandwa ana kilo 450 hadi 600. Trela jepesi la farasi wawili, likiwa tupu, ni kilo 800 hadi 1,100, na yale mazito yenye chumba cha matandiko mbele yanavuka hapo kwa mbali. Ongeza matandiko, nyasi kavu na maji, na kila lita ya maji ni kilo moja. Unajikuta kwenye kilo 2,000 hadi 2,400 kabla hujapakia begi lako.

Uzito huo wote haukai kwenye magurudumu ya trela. Sehemu yake inalala kwenye pua, yaani ncha ya mbele ya trela, na pua inalala kwenye kiungio, kile kifaa cha nyuma ya gari kinachofungiwa trela. Kwa trela za Kimarekani, kiasi kinachoshauriwa ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela lililopakiwa. Trela za Ulaya zimepangwa ziwe na pua nyepesi zaidi, mara nyingi chini ya asilimia 7. Tuchukue kilo 200.

Kilo 200 hizo haziko juu ya ekseli ya nyuma, ziko nyuma yake. Tuseme kiungio kiko mita 1.2 nyuma ya ekseli, na kati ya ekseli mbili za gari kuna mita 2.85. Ekseli ya nyuma haipokei kilo 200, inapokea kama 284. Zile 84 za ziada zimenyanyuliwa kutoka kwenye magurudumu ya mbele, na hayo ndiyo yanayokata kona na kubeba sehemu kubwa ya kazi ya breki. Usukani mwepesi ambao wasomaji wananilalamikia umetoka hapo. Kadiri mkia wa gari unavyokuwa mrefu nyuma ya ekseli, na gari lenyewe likawa fupi kati ya ekseli, ndivyo hali inavyozidi kuwa mbaya. Chukua futi kamba ukapime umbali huo mwenyewe, maana kwenye tangazo hautaukuta.

Kuna wanaojitibu kwa kurudisha mzigo nyuma ndani ya trela ili pua iwe nyepesi na gari liinuke. Tafadhali msifanye hivyo. Trela lenye pua nyepesi mno ndilo linaloyumba, na likishaanza kuyumba kwenye mwendo wa kasi, breki za gari peke yake zinaweza kulikunja. Tena humo ndani hamna magunia ya saruji. Kuna mnyama wa nusu tani anayesimama kwa miguu minne, uzito wake uko juu, na kila trela linapoinama na yeye anahamia upande huo.

Wengine wanafunga mifuko ya hewa juu ya springi za nyuma. Gari linainuka, picha inapendeza, ila uzito unabaki pale pale na kiwango kilichoruhusiwa na mtengenezaji hakiongezeki hata kilo moja. Kwenye pikapu ndefu za dabo kebini, mifuko hiyo inasukuma chasisi mahali pamoja kutoka chini huku kiungio kikiivuta chini kwa nyuma. Kuna pikapu zilizopinda chasisi kwa namna hiyo.

Namba ambayo hawaitaji

Kila gari lina uzito wa juu unaoruhusiwa likiwa limepakiwa, na lina uzito wa juu wa gari na trela kwa pamoja. Huu wa pamoja ndio unaofichwa. Chukua Ford Ranger ya lita 3.2 iliyouzwa Australia kuanzia 2015. Inavuta 3,500. Gari lenyewe likiwa limepakiwa linaruhusiwa 3,200. Jumlisha, unapata 6,700, sivyo? Hapana. Uzito wa pamoja unaoruhusiwa ni 6,000. Ukivuta kilo 3,500 zote, gari na vyote vilivyomo vinabakiwa na 2,500, na dabo kebini hiyo ikiwa tupu tayari ina kilo 2,200 hivi. Zilizobaki ni 300: watu wazima wanne na safari imejaa. Sahau ngao ya chuma ya mbele, keria ya juu na tangi la pili la mafuta.

Ranger si gari baya, na pikapu nyingi za ukubwa huo zimepangwa kwa hesabu za aina hiyo. Ninachokataa ni kumuuzia mtu namba moja kubwa na kumnyima ile inayoipunguza.

Chaguo langu la kwanza: Toyota Land Cruiser

Nasema wazi kwamba naipenda, na sijawahi kuficha. Land Cruiser 200, iliyoanza 2007, kwa vipimo vya Australia inaruhusiwa kilo 3,350 ikiwa imepakiwa, inavuta 3,500, na uzito wa pamoja ni 6,850. Jumlisha mwenyewe. Hesabu inafunga bila kukudai chochote: ukivuta uzito wote, gari bado lina haki ya kubeba mzigo wake wote. Ukikuta kampuni imeandika hivyo, ujue aliyetengeneza ekseli na chasisi alisikilizwa kabla ya aliyetengeneza tangazo.

Injini yake ya dizeli ya V8 ya lita 4.5 ina toki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya Nm 650, na inaitoa chini kabisa, pale unapoanza kuondoka na farasi nyuma. Giaboksi yake ya otomatiki inang'oa trela taratibu. Farasi hana pa kushika. Kila mtikisiko wa klachi anaulipia kwa miguu, na akisharushwarushwa safari mbili tatu, siku nyingine anagoma kupanda trela. Halafu kuna gia ya chini ya 4x4, ambayo watu wanadhani ni ya milimani. Mimi naitaka kwa ajili ya kurudi nyuma polepole kwenye nyasi zenye umande, mlango wa trela ukielekea kwenye zizi.

Ile ya 300, iliyotoka 2021, ina V6 ya lita 3.3 yenye Nm 700 na gia 10. Inavuta vizuri zaidi kwenye mlima mrefu. Lakini kama bajeti yako inabana, 200 iliyotunzwa haitakuangusha. Kasoro yao wote wawili ni springi laini za nyuma, ambazo zimepangiwa starehe ya abiria. Weka springi ngumu zaidi na shokapu mpya, zinazolingana na uzito utakaovuta kila siku. Na usiipakie kama basi, maana uwezo wake wa kubeba ni kilo 600 na kidogo tu, na pua ya trela inakula humo humo.

Kwa mwenye shamba, anayevuta mara nyingi kwenye njia mbovu, ningemwelekeza kwenye Land Cruiser ya mfululizo wa 70. Iko sokoni tangu 1984, nyuma ina springi za bapa (vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine), na haina mapambo ya kukutoza uzito. Ina kelele na inachosha kwenye safari ndefu. Kuanzia mwisho wa 2023 inapatikana pia na otomatiki na dizeli ya lita 2.8, na kwa farasi hilo ni jambo kubwa kuliko viti vya ngozi.

La pili: pikapu kubwa za Kimarekani

Kama trela lako ni la farasi watatu au wanne, au lina shingo ndefu inayokaa ndani ya bodi juu ya ekseli, acha kuhangaika na magari madogo. Ford F-250 na Ram 2500 zimejengwa kwa kazi hiyo, na shingo ile inatibu ugonjwa niliousimulia juu kwa sababu uzito unatua juu ya ekseli badala ya nyuma yake.

F-150 inatosha kwa farasi wawili, ila soma kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kimeandikwa uzito wa watu na mizigo usiopaswa kuzidishwa, na ni wa gari hilo hilo unalolishika. Utashangaa kuona toleo ghali, lenye paa la kioo na viti vya umeme, linabeba pungufu kuliko lile la kawaida. Umelipa zaidi upate gari linaloweza pungufu! Ile namba kubwa ya kuvuta kwenye tangazo nayo inataka uwiano maalumu wa difu na vifaa maalumu vya kuvutia, na gari lililopo mbele yako huenda halina hata kimoja.

La tatu: Land Rover

Discovery na Defender mpya zinavuta kilo 3,500 na zinatulia sana barabarani. Springi zao za hewa zinaweka mgongo sawa, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Gari linaloketi nyuma linakuonya. Gari linalojinyanyua lenyewe linakuficha kwamba umezidisha. Ukilichagua, nenda mizani bila kukosa. Na kama ni la mitumba, liache limesimama usiku kucha. Asubuhi ukikuta kona moja imelala, mfuko au bomba linavuja, na matengenezo yake si ya gereji yoyote ile.

Hilux, Ranger na D-Max naziweka hapa chini kwa pamoja. Kwa farasi mmoja, au wawili wadogo kwenye trela jepesi, zinafaa, na umbali wao mrefu kati ya ekseli ni faida. Prado 150, inayovuta hadi kilo 3,000, nayo inaweza, mradi abiria wawe wachache.

Magari ya bei nafuu, yale madogo ya mjini yanayofanana na Jeep kwa sura: mengi yanavuta kati ya kilo 1,500 na 2,000. Trela na farasi mmoja mkubwa vinamaliza hapo. Ya umeme yana toki nzuri mno, lakini ukifunga trela refu umbali unaopata kwa chaji moja unapungua hadi karibu nusu, na vituo vingi vya kuchaji vitakulazimu kufungua trela kwanza, farasi wakiwa ndani.

Wauzaji

Nimeona magari yanatangazwa kuwa "tayari kwa kuvuta" kwa sababu mtu amefunga tufe la chuma kwenye bampa. Bampa! Kiungio kinafungwa kwenye chasisi, kina kibandiko chake cha uzito, na uwezo wa mfumo mzima ni ule wa kifaa dhaifu kuliko vyote. Kama kiungio kimeandikwa 2,000, gari lako linavuta 2,000, hata Toyota wangeandika nini.

Bei za Land Cruiser zilizotumika nazo zimekosa haya. Gari limetembea kilomita laki tatu, limebadilishwa viti na kupigwa polishi, na mtu anataka pesa ya jipya kwa kuwa "hizi hazifi". Zinakufa. Zinakufa kwenye giaboksi iliyochemka miaka mingi bila kubadilishwa mafuta. Vuta kijiti cha mafuta ya giaboksi kama kipo, au fundi atoe kidogo: yakiwa meusi na yananuka kuungua, ondoka. Lala chini uangalie chasisi karibu na kiungio. Ukiona rangi mpya mahali pamoja tu, uliza imeficha nini.

Jaribu waya za taa za trela, na kama trela lako lina breki za umeme, hakikisha gari lina kifaa cha kuziendesha na kwamba kinafanya kazi. Baada ya hapo omba kulipeleka gari mizani likiwa na trela lako lililopakiwa, ekseli moja moja, uandike namba na kuzilinganisha na kibandiko cha mlangoni. Pima pia kimo cha upinde wa gurudumu la mbele kabla na baada ya kufunga trela, uone mbele limenyanyuliwa kiasi gani. Muuzaji akikataa mizani, usimlipe hata arubuni.