Ultimate Member kwenye tovuti ya kikundi: mlango mzuri, komeo uweke mwenyewe

Kikundi chenye wanachama mia mbili, wengi wako Dar na Tanga, wachache Muscat na London, kikifungua tovuti hakihangaiki sana na ukurasa wa mbele. Picha ya mkutano mkuu na salamu za mwenyekiti hupatikana siku moja. Kinachosumbua ni mlango: nani ajisajili, nani amkubali, na aliyesahau nywila saa nne usiku arudi vipi ndani bila kumwamsha katibu. Ultimate Member, plagini (programu ya nyongeza) ya bure ya WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti, imetengenezwa kwa kazi hiyo hiyo, na upande wa fomu inaifanya vizuri. Ila ukiisakinisha na kuiacha ilivyo, mlango umeuacha wazi.

Kusakinisha hakuna ugumu. Plagini yenyewe hutengeneza kurasa za kujisajili, kuingia, kutoka, akaunti, wasifu, orodha ya wanachama na kurejesha nywila. Fomu unaijenga kwa kuongeza visanduku na kuvipanga kwa kuvuta juu na chini, na kila maandishi unaweza kuyaandika kwa Kiswahili chako badala ya kungoja tafsiri. Andika “Jina la ukoo”, andika “Tawi lako”, na kwenye kitufe andika “Tuma maombi”, si “Jisajili”, ili mtu ajue mapema kwamba bado kuna mtu wa kumkubali.

Hapo kwenye kukubaliwa ndipo pa kuanzia. Kila aina ya mwanachama ina mpangilio wa nini kifanyike baada ya kujisajili, na njia ni tatu: akubaliwe papo hapo, abonyeze kiungo kwenye barua pepe, au angoje msimamizi ampitie. Plagini huja na ile ya kwanza. Maana yake boti wa kwanza kupita, yaani programu inayojaza fomu yenyewe, atakuwa mwanachama wenu kabla ya mhazini. Kwa kikundi ambacho watu wake wanafahamiana, chagua ya tatu. Unyonge wake ni kwamba huwezi kuchagua ya pili na ya tatu kwa pamoja, kwa hiyo ukiweka mapitio ya msimamizi hakuna kitakachothibitisha kwamba barua pepe iliyoandikwa ni sahihi. Aliyeandika “gmial.com” atakubaliwa vizuri tu, kisha hatapata ujumbe wowote maisha yake yote. Katibu ayasome hayo kwa macho yake mwenyewe kabla ya kubonyeza kukubali. Ahakikishe pia kwamba taarifa ya “kuna ombi jipya” imewashwa kwenye orodha ya barua pepe za plagini, vinginevyo maombi yatalala humo wiki nzima.

Kuna mlango wa nyuma ambao wengi huusahau. WordPress yenyewe, kwenye mipangilio ya jumla, ina tiki ya kuruhusu mtu yeyote kujisajili. Ikiwa imewekwa, fomu ya asili kwenye wp-login.php inafanya kazi sambamba na yenu, bila visanduku vyenu na bila kumuuliza mtu tawi. Itoe hiyo tiki. Fomu ya Ultimate Member haiihitaji.

Sasa jina la mtumiaji. Fomu inayokuja na plagini huomba jina la mtumiaji, jina la kwanza, jina la mwisho, barua pepe na nywila. Mwanachama akiambiwa ajitungie jina la mtumiaji atatunga lolote, na baada ya mwezi mmoja amelisahau. WordPress hairuhusu kulibadilisha baadaye kutoka kwenye ukurasa wake wa usimamizi. Dawa nzuri ni kutumia namba ya uanachama iliyo kwenye kadi au kwenye daftari, lakini angalia imeandikwaje. Namba ya mtindo wa KM/2019/034 itakataliwa, kwa sababu WordPress inapokea herufi, tarakimu, nafasi, nukta, kistari, kistari cha chini na alama ya @ tu. Mkwaju (/) haumo. Iandikwe km2019-034, na mfano huohuo uwekwe ndani ya kisanduku kwa rangi hafifu. Kwa sababu hiyohiyo, anayetaka kutumia jina lake la Ng’wandu au Ng’ang’a kama jina la mtumiaji atagonga mwamba: ile alama ya juu haipiti. Kwenye kisanduku cha jina la kawaida inapita bila shida. Majina yetu nayo ni matatu, basi ongeza kisanduku cha jina la kati. Bila hicho mtakuwa na akina Juma Hassan wanne, na katibu hatajua ni yupi anayemkubali.

Barua pepe ni sura nyingine. Wapo wanachama wasiokuwa nayo kabisa, na ukiiondoa kwenye fomu au ukaifanya si ya lazima, plagini hailalamiki: hujitungia anwani ya bandia yenye jina la tovuti yako na kuiweka kwenye akaunti. Kila kitu kitaonekana sawa hadi siku mtu huyo anapoomba nywila mpya. Kiungo kitatumwa kwenye anwani ambayo haipo duniani. Iache iwe ya lazima, na wasio nayo wasajiliwe na katibu wa tawi. Mume na mke wanaotumia anwani moja nao watakwama, maana WordPress haikubali akaunti mbili kwa anwani moja. Kama ni Gmail kuna njia: mmoja aongeze +mama kabla ya alama ya @. WordPress itaziona ni anwani mbili, lakini barua zote zitaingia kasha lilelile.

Lawama nyingi utakazosikia kwamba “tovuti hainiruhusu kuingia” huwa hazina uhusiano na kuingia. Ni barua ambayo haikufika. WordPress isipoelekezwa vingine hutuma kupitia seva inayohifadhi tovuti, na tangu Februari 2024 Gmail inamtaka kila mtumaji awe na SPF au DKIM, yaani kumbukumbu kwenye kikoa (jina la tovuti yenu) zinazothibitisha kwamba barua kweli imetoka kwenu. Bila hizo, barua inaishia kwenye taka au inarudishwa. Hapo Ultimate Member inakoroga mambo zaidi: ina kikomo cha kuomba nywila mpya, kwa kawaida mara 3. Mwanachama anabonyeza, haoni kitu, anabonyeza tena, anabonyeza ya tatu, na ya nne anaambiwa amemaliza nafasi zake. Barua zote tatu zimelala kwenye taka.

Kwa hiyo, kabla ya kutangaza tovuti, weka plagini ya kutuma barua kama WP Mail SMTP, iunganishe na huduma ya kutuma, na uweke zile kumbukumbu kwenye kikoa. Brevo, mojawapo ya huduma hizo, ina kiwango cha bure cha barua 300 kwa siku. Piga hesabu vizuri: kwa njia ya mapitio, kila mwombaji anazalisha barua tatu, moja ya “subiri”, moja ya kumjulisha katibu, na moja ya “umekubaliwa”. Hao ni watu 100 kwa siku, na hapo hakuna aliyesahau nywila. Tangazeni kwa matawi, tawi moja kwa siku, msirushe kiungo kwenye kundi la WhatsApp la watu wote Jumapili jioni. Kiungo cha kurejesha nywila huisha baada ya saa 24. Sema hivyo ndani ya barua yenyewe.

Kuhusu nywila, plagini inaweza kulazimisha herufi kubwa, herufi ndogo na tarakimu. Kizime kipengele hicho. Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, wa 2017 ulishaachana na masharti ya mchanganyiko wa herufi na ukashikilia urefu, usiopungua herufi 8. Masharti hayo huzaa “Juma1234” na kuwafukuza wazee. Weka kima cha chini kwenye kisanduku chenyewe, kisha jaribu kujisajili kwa nywila fupi uone kama kweli inakataliwa. Washa pia alama ya jicho ya kuonyesha kilichoandikwa, kwa sababu kwenye kioo cha simu ndogo hakuna anayejua kidole kiliangukia wapi.

Orodha ya wanachama ndiyo sehemu inayopendwa kuliko zote, na ndiyo ya hatari. Inakuja ikiwa wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Ibadilishe ionekane kwa wanachama walioingia tu, lakini usiishie hapo: kufunga orodha hakufungi wasifu wa mtu mmojammoja, huo una mpangilio wake, pamoja na ule wa kuzuia Google isiuchukue. Kila kisanduku nacho kina faragha yake. Namba ya simu ionekane kwa mwenyewe na wasimamizi peke yao. Namba ya NIDA usiiulize kabisa. Kikundi hakina kazi nayo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka zikusanywe zile zinazohitajika tu. Kenya iko hivyohivyo chini ya sheria yao ya 2019.

Kama tovuti inatumia kashe, yaani nakala za kurasa zilizohifadhiwa ili zifunguke haraka, ziondoe humo kurasa za kujisajili, kuingia, akaunti na wasifu. Fomu hubeba alama ya usalama isiyozidi saa 24. Ukurasa uliogandishwa jana utatoa kosa leo bila sababu inayoonekana, na hitilafu mbaya zaidi ni mtu kufunguliwa ukurasa wa mwenzake.

Ultimate Member ina rekodi ambayo lazima isemwe. Katikati ya 2023 iligundulika kwamba mtu angeweza kupenyeza kwenye fomu ya kujisajili taarifa ambayo haikuombwa na akajipa cheo cha msimamizi mkuu. Tundu hilo, lililosajiliwa kwa namba CVE-2023-3460, lilikuwa likitumiwa na wahalifu kabla ya kuzibwa, na viraka kadhaa vya mwanzo havikutosha hadi toleo 2.6.7. Wakati huo plagini ilikuwa kwenye tovuti zaidi ya 200,000. Mwaka 2024 likaja jingine kwenye orodha ya wanachama, likazibwa na 2.8.3. Watengenezaji wanaziba, hilo tuwape. Lakini inahitaji mtu wa kusasisha, au usasishaji wa moja kwa moja uwashwe. Ongeza na plagini ya kuhesabu majaribio ya kuingia, kwa kuwa WordPress yenyewe haiweki kikomo. Usiikaze mno: wateja wengi wa mtandao mmoja wa simu huonekana kwa anwani moja ya IP (namba inayotambulisha kifaa mtandaoni), na mmoja akikosea mara nne unaweza kuwafungia na majirani.

Visivyokuwemo: kuingia kwa namba ya simu na nywila ya mara moja kwa SMS. Kwetu hilo ndilo lingekuwa la kwanza, na hapa ni kazi ya plagini nyingine pamoja na kulipia kila ujumbe kwa huduma kama Africa’s Talking. Kama mtataka kulifanya baadaye, anzeni leo kukusanya namba kwa muundo mmoja, kuanzia + na namba ya nchi, +255, +968, +44. Orodha iliyochanganya 07, 255 na 00255 haitumiki na mashine mpaka mtu aisafishe kwa mkono. Ada nayo haipokelewi na toleo la bure. Weka kisanduku cha namba ya muamala, mhazini alinganishe na taarifa ya simu.

Siku ya majaribio tumia simu ya bei ndogo yenye bando, si kompyuta ya ofisini. Jisajili, kataliwa, jisajili tena, kubaliwa, toka, sahau nywila, ingia. Kisha toka kabisa na ufungue kiungo cha wasifu wako ukiwa mgeni. Ukiona namba yako ya simu hapo, tovuti bado haijawa tayari kutangazwa.