Seti ya "asilia" ya kuondoa harufu bafuni: mkaa sawa, lakini ule unga jihadharini nao

Nyota mbili. Nilianza na moja, nikaongeza ya pili kwa ajili ya mfuko wa mkaa, na huenda nikaiondoa kabla sijamaliza kuandika.

Seti ina vitu vitatu: mfuko wa mkaa wa kuning'iniza, chupa ya mafuta ya mchaichai yenye vijiti, na pakiti za unga wa kumwaga kwenye tundu la maji la sakafuni. Uzito, rangi na ukubwa mtavisoma kwenye boksi. Kilichonifanya nishike simu na kuandika ni ule unga, na majibu niliyopewa na mhudumu wao.

Maelekezo ya unga yanasema hivi: mwaga pakiti nzima kwenye tundu, kisha usimwage maji kwa siku tatu ili "ufanye kazi vizuri". Siku tatu, kipindi cha joto! Aliyeandika sentensi hiyo hajawahi kuinua kifuniko cha tundu la bafu akaangalia kilicho chini yake.

Chini ya tundu hilo kuna mtego wa maji. Ni maji kidogo yanayobaki kwenye kona ya bomba, au kwenye kikombe, na kazi yake ni moja tu: kuzuia hewa ya maji taka isirudi ndani. Bomba lenye kona ya kawaida hushika kama sentimita 5 za maji, na huweza kukaa wiki kadhaa bila kukauka. Lakini matundu mengi ya sakafuni yana kikombe cha kengele, kile kifuniko kilichopinduliwa juu ya duara la maji. Hapo maji ni ya kina kifupi sana, sentimita moja au mbili. Joto likipanda, dirisha likiwa wazi na upepo unapita, maji hayo yanakwisha kwa siku chache. Midomo ya kengele ikishaacha kugusa maji, hakuna kizuizi tena. Bafu lote linanuka mayai viza hata kama umelisugua asubuhi hiyo hiyo.

Sasa chukua kikombe kama hicho, chenye maji yaliyopungua tayari, umwagie pakiti nzima ya unga mkavu. Unga ni baking soda na asidi ya sitriki, imeandikwa kwenye pakiti. Vikikutana na maji vinatoa povu kwa dakika moja hivi, kisha unga uliozidi unanyonya maji yaliyobaki. Nilipoinua kengele siku ya tatu nilikuta uji mzito mweupe umeganda pembeni, nywele zimenasa ndani yake kama nyuzi kwenye plasta, na katikati tundu kavu kabisa linaloangalia moja kwa moja bomba la maji taka. Ukiweka kiganja juu yake unasikia hewa ya uvuguvugu inapanda.

Nikapiga picha, nikamtumia mhudumu. Jibu lake ninalo hadi leo: "Dada, bidhaa yetu haina shida. Bafu likiwa chafu hata uweke nini litanuka. Soma maelekezo."

Nilisoma maelekezo. Niliyafuata neno kwa neno, na ndiyo yaliyokausha mtego! Inaniuma zaidi kwa sababu tundu linalokauka haraka mara nyingi ni lile la bafu safi: sakafu inakaushwa kila siku, watu wanaogea upande mwingine, maji hayapiti pale. Kumwambia mtu kwamba ni mchafu kwa kosa la karatasi yenu ni kukosa adabu, na pia ni kutojua kazi mnayouza.

Nitasema haki. Nilipotuma picha mara ya pili alijibu mtu mwingine, mpole, akaomba radhi na kuahidi kuwapelekea wahusika. Moyo ukapoa kidogo. Lakini pakiti mpya niliyoiona juzi ina maneno yale yale, siku tatu bila maji, kwa hiyo radhi hiyo sijui iliishia wapi.

Kama mmekwisha kumwaga unga huo, fanyeni hivi. Vaa glavu, inua kichujio, toa kengele. Toa nywele na uji kwa mkono au kwa kijiko cha zamani, usiusukume ndani. Mimina maji ya moto kiasi, yale ambayo mkono unaweza kuyavumilia. Usimimine yanayochemka, kwa sababu mabomba ya plastiki hulainika na viungio vyake huweza kulegea. Sugua kengele na kikombe kwa mswaki wa zamani na sabuni ya vyombo, hasa ule utelezi wa kijivu upande wa ndani. Utelezi huo ni bakteria waliojijengea makao juu ya sabuni na mafuta ya ngozi, na humo ndimo wale inzi wadogo wenye mabawa ya manyoya hutaga. Rudisha kengele, hakikisha imekaa sawa, kisha mimina lita moja ya maji safi taratibu.

Kuanzia hapo dawa ya tundu ni maji, basi. Lita moja kila baada ya siku mbili au tatu kwa mtego wa kengele wakati wa joto kali. Kwa bomba lenye kona, lita mbili mara moja kwa wiki zinatosha. Ukisafiri, mimina maji kwanza kisha vijiko viwili vya mafuta ya watoto juu yake. Yanaelea na kuzuia maji yasipae. Mafuta ya kupikia watu wanayatumia pia, ila kwenye joto yanachacha na yenyewe yanaanza kunuka.

Huna hakika kama harufu inatoka kwenye tundu? Jaza maji kidogo kwenye mfuko wa plastiki, ufunge, uulaze juu ya tundu usiku kucha ili uzibe pande zote. Asubuhi harufu ikiwa imekwisha, umempata mchawi. Ikiwa ipo pale pale, hamia kwenye choo. Dalili nyingine ni feni ya kutoa hewa. Ukiiwasha huku mlango na dirisha vimefungwa na harufu ikazidi badala ya kupungua, huenda mtego umekauka. Feni lazima ipate hewa mahali fulani, na ikinyimwa mlangoni itaivuta kwenye bomba la maji taka. Acha mlango wazi upana wa vidole viwili kila unapoiwasha. Na ukisikia tundu linagugumia kila maji ya choo yanapovutwa, hapo bomba la kupumulia la juu, lile la kuingiza hewa, huenda limeziba, na maji ya choo yakishuka yananyonya maji ya mtego. Hiyo ni kazi ya fundi bomba, hakuna unga wala mafuta yatakayoiponya.

Chupa ya mafuta nitaipitia haraka. Inanukia vizuri mno, siku ya kwanza. Boksi linaahidi siku 30, ila joto huharakisha kupaa kwa mafuta, na vijiti 8 wanavyoweka ni vingi mno kwa chumba kidogo. Yangu ilikwisha kabla ya siku 10. Ukibaki na vijiti 3 na kuiweka mbali na jua inadumu zaidi. Tone likianguka kwenye plastiki au mbao ya rangi linaacha alama, na wenye paka wawe waangalifu, mafuta mengi ya harufu huwadhuru. Kinachonikera ni kwamba harufu tamu ikichanganyika na ya maji taka inazaa harufu ya tatu, mbaya kuliko zote mbili. Na wakati huo huo inaficha dalili: pua inadanganywa, mtego unaendelea kuwa mkavu.

Mkaa ndio umenifanya nisite. Unafanya kazi kwa kunasa chembe za harufu kwenye vinyweleo vyake, yaani vitundu vidogo sana, na kwa harufu ya taulo mbichi na unyevunyevu wa pembeni nimeona tofauti ya kweli. Ila umening'inizwa wapi? Picha ya boksi inauonyesha karibu na bomba la kuogea. Pale mvuke unajaza vinyweleo haraka na mfuko unakuwa pambo. Uweke karibu na choo au nyuma ya mlango, mahali pakavu panapopita hewa, na mara moja kwa mwezi uanike juani kwa muda wa saa tatu au nne, ukiugeuza. Jua linatoa unyevu na sehemu ya harufu, si yote, kwa hiyo usitarajie uwe mpya milele. Na kwa harufu kali ya mkojo mkaa wa kawaida hausaidii sana.

Mkojo unahitaji maneno yake, kwa sababu karatasi ya seti inadai unga ule ule unaweza kunyunyizwa kuzunguka choo "kuua harufu ya mkojo". Hapana. Mkojo ukikaa, bakteria wanaibadilisha urea, taka iliyomo kwenye mkojo, kuwa amonia yenye harufu kali, na joto linawaongezea kasi. Amonia ni ya upande wa magadi, na baking soda ni ya upande huo huo. Kinachoituliza ni asidi: siki nyeupe ya kawaida, ile ya asilimia 5. Loweka karatasi za choo kwenye siki, zizungushe kwenye kitako cha choo na chini ya mdomo wa bakuli, ziache dakika 30, kisha sugua na kusuuza. Fungua zile skrubu mbili za kiti. Chini ya bawaba zake kuna utando wa njano ambao watu hawauoni kwa miaka, na mara nyingi harufu yote imekaa hapo. Utando mgumu ndani ya bakuli unalainishwa na vijiko vikubwa vitatu vya unga wa sitriki ukiachwa usiku. Siki usiiache kwenye tangi la juu, inaharibu mipira, na isiguse marumaru, inaila. Choo kikicheza ukikikalia, muhuri wa chini umeachia, na hapo tena ni fundi.

Tafadhali, siki au sitriki msichanganye kamwe na dawa ya klorini. Inatoka gesi ya klorini, na bafu ni chumba kidogo. Klorini pia haimwagwi juu ya mkojo uliokaa, suuza kwanza kwa maji mengi. Nimetafuta onyo hili kwenye pakiti yenye sitriki ndani, pande zote nne. Halipo. Hapo ndipo nilipotaka kuiondoa hata ile nyota ya mkaa.

Mambo mengine ni madogo lakini ndiyo yanayobeba kazi kubwa. Vuta maji ya ukutani na sakafuni kwa mpira wa kukaushia mara tu baada ya kuoga, ni dakika moja. Tandaza pazia la bafu, likikunjika linaota ukungu kwenye mikunjo. Feni iendelee dakika 20 hadi 30. Taulo lisitundikwe kwenye msumari mmoja, litandazwe, na dekio likaushwe nje, kwa sababu dekio bichi nyuma ya choo linanuka kuliko choo chenyewe. Dirisha lifunguliwe usiku na alfajiri hewa ikiwa imepoa. Mchana wa joto lenye unyevu mwingi, hewa unayoingiza inaweza kuwa na unyevu kuliko unayoitoa.

Pakiti za unga zilizobaki sikuzitupa. Natumia kijiko kimoja kwenye sifongo yenye maji kusugulia sinki na vigae, nasuuza papo hapo, na kwa kazi hiyo unang'arisha vizuri. Kwenye tundu haurudi tena. Wakifuta ile sentensi ya siku tatu na kuandika badala yake "kijiko kimoja, kisha lita mbili za maji", nitarudi kubadilisha nyota. Kwa leo, mkaa ubaki na nyota yake. Mhudumu wa kwanza sina cha kumpa.