Esperanto au Ido: ujifunze ipi?

Esperanto na Ido ni lugha za kubuni, zilizoundwa ili watu wa mataifa mbalimbali waelewane. Esperanto ilitolewa na L. L. Zamenhof mjini Warsaw mwaka 1887. Ido ilizaliwa mwaka 1907, kazi ya watu waliotaka kuirekebisha Esperanto, na ubishi haujaisha.

Kwa urahisi, Ido ina hoja nzito. Haina herufi zenye kofia kama ĉ na ŝ, na kivumishi chake hakibadiliki: granda libro, granda libri. Esperanto hudai upatanisho: granda libro, grandaj libroj. Ila kwa sisi tuliolelewa na "kitabu kikubwa, vitabu vikubwa", huo si mzigo hata kidogo. Kinachosumbua kweli ni ile -n inayoongezwa mwishoni mwa yambwa (kinachotendwa), ambayo Ido huitumia kwa nadra tu.

Kwenye msamiati naipenda zaidi Esperanto. Ukijua bona, "nzuri", umeshapata malbona, "mbaya". Ido inakupa neno jingine la kukariri: mala.

Gharama ni ndogo kote kuwili, ingawa vitabu na masomo ya bure ya Esperanto ni vingi zaidi.

Kwa watu wa kuzungumza nao, Ido imeachwa mbali. Kongamano la Dunia la Esperanto la 2024 lilifanyika Arusha, mara ya kwanza Afrika, na kupitia mtandao wa Pasporta Servo wasemaji hulaza wageni bila malipo.

Ukitaka safari na marafiki, anza na Esperanto. Ukivutiwa na muundo wa lugha wenyewe, Ido itakupa raha, na aliyejua moja huisoma nyingine bila taabu kubwa.