Birika la bomba shambani: uzoefu wangu baada ya vipupwe viwili

Njombe mwezi wa Juni na Julai baridi si mchezo. Kwenye vinyungu vyetu vya viazi, yaani mashamba ya bondeni, saa moja asubuhi umande bado ni barafu juu ya majani na mpini wa jembe unauma mkononi. Miaka yote nilibeba chupa ya chai kutoka nyumbani. Tukiwa wanne, kufika saa nne chai imeshakwisha. Mafiga nayo bondeni ni mateso: upepo unazima moto, moshi unaingia machoni, na sufuria bado vuguvugu.

Mwaka juzi pale Makambako, kwenye mtumba wa vyombo, nikaona birika refu la alumini lenye bomba katikati kutoka chini hadi juu. Muuzaji hakujua ni la nini, nikalichukua kwa elfu 20. Mzee tunayelima naye, aliyewahi kukata mkonge Tanga, alilitazama akasema, "Mwanangu, hii si samawari hii?" Kweli ni ndugu zake: moto unawaka ndani, maji yanauzunguka.

Unawasha moto kwenye kitako chake kinachochomoka chini, unapachika birika juu, kisha unadondoshea vijiti kwenye bomba. Tundu la kitako lielekeze upepo unakotoka. Upepo uleule uliokuwa unatuzimia mafiga sasa ndio unaochochea. Konzi mbili za vijiti vya miti ya miwati na gunzi moja vinatosha lita moja na nusu. Nimepima kwa simu: dakika 5 vijiti vikiwa vikavu, 9 vikiwa na umande. Kwa hiyo jioni naacha kiroba cha vijiti chini ya turubai.

Kizibo toa kabla ya kuwasha, mvuke upate pa kutokea. Usiliwashe tupu. Mshikio ulaze pembeni. Mpwa wangu aliusimamisha juu ya bomba, akaungua vidole, wiki nzima hakushika jembe. Ndani chemsha maji matupu tu; tangawizi na majani ya chai weka kwenye sufuria, maana mkono haupiti kusugua. Na huku kwetu, karibu mita 1,900, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo chai naifunika muda mrefu kidogo ikolee.

Septemba na Oktoba, nyasi zikikauka, siliwashi kabisa karibu na mipaina. Cheche zinaruka kutoka juu ya bomba. Miezi hiyo nabeba chupa.