Raga ya daraja la tatu Narbonne: uzoefu wangu wa jukwaani

Kama unataka kuonja raga ya Ufaransa bila kulipa bei za Top 14, ligi yao ya daraja la kwanza, shuka Narbonne, kusini, kati ya Béziers na Perpignan. RC Narbonne, jezi ya rangi ya chungwa na nyeusi, ilianzishwa 1907, ikatwaa ubingwa wa Ufaransa 1936 na 1979, na imewahi kuchezewa na nyota wa timu ya taifa akina Walter Spanghero, Jo Maso na Didier Codorniou. Siku hizi iko Nationale, daraja la tatu. Mwaka 2021 ilipanda Pro D2, daraja la pili, ikadumu msimu mmoja tu ikateremka. Kwa hiyo unalipia daraja la tatu lakini unakaa na watu waliozoea la kwanza: mzee wa kiti cha nyuma ameshaona kosa la skramu, ule msukumano wa mafowadi wa pande mbili, kabla refa hajapuliza.

Jambo la kujua kabla ya kununua tiketi ni upepo. Unaitwa Cers, hutoka kaskazini magharibi, nao huvuma hata siku ya jua kali. Uwanja wa timu, Parc des Sports et de l'Amitié, ukiwa na Cers, nahodha aliyeshinda shilingi huwaza upande wa kuchezea kuliko mpira. Timu yenye upepo mgongoni hupiga mateke marefu na kumfungia mpinzani kwenye mita 22 za mwisho karibu na mstari wake. Timu inayoukabili ikiinua mpira juu, unasimama hewani kisha unarudi karibu na aliyeupiga. Lainiauti, yaani mpira uliotoka ukirushwa ndani kati ya mistari miwili ya wachezaji, nazo hubadilika: mrushaji akitafuta mtu wa nyuma, mpira hupinda njiani na refa anaita haukwenda sawa, hivyo anarusha kwa mtu wa mbele na timu inasukumana hapohapo. Tazama pia mkwaju wa penalti. Mwenzake mpigaji hulala kifudifudi na kuushika mpira kwa kidole kimoja usianguke, na ukianguka, muda aliopewa mpigaji hausimami. Kuongoza kwa pointi 10 mapumzikoni huku mmetumia upepo wote ni sawa na kuwa nyuma.

Tiketi: chukua jukwaa lenye paa, hata kama tofauti ya bei inakukera. Paa halizuii upepo, ila mvua ikinyesha utashukuru. Koti lisilopitisha upepo lina faida kuliko sweta mbili.

Hesabu ya pointi inawachanganya wageni. Ushindi ni 4, sare 2, lakini bonasi ya mashambulizi, pointi moja ya ziada, haitolewi kwa kufunga miguso minne (mguso ni kuweka mpira chini nyuma ya mstari wa mpinzani) kama mlivyozoea kwingine. Lazima umzidi mpinzani kwa miguso mitatu. Ndiyo maana utaona timu inaongoza kwa pointi 20, dakika ya 78, inalinda mstari wake kama fainali: mguso mmoja wa mpinzani unaifuta bonasi. Na bonasi zina uzito, kwa sababu bingwa wa Nationale pekee ndiye anayepanda moja kwa moja. Aliyeshindwa fainali hukutana na timu ya 15 ya Pro D2.

Mchana kula Les Halles, soko la ndani lililofunguliwa 1901, kabla ya saa nane, maana baada ya hapo wanafunga. Kwenye kibanda cha Chez Bebelle oda ya nyama inatangazwa kwa kipaza sauti, mchinjaji wa kibanda kingine anaifunga kwenye karatasi na kuitupa juu ya vichwa vya watu, na wa jikoni anaidaka kama pasi. Fika mapema, viti ni vichache.

Kuhusu usafiri, stesheni iko upande mmoja wa mji na uwanja upande mwingine. Kwa miguu tenga nusu saa. Mechi ni dakika 80, lakini kwa mapumziko, majeruhi na skramu zinazoanguka hesabu karibu saa mbili. Mechi ya jioni ikiisha, treni za kwenda Toulouse huwa zimebaki chache au zimekwisha, basi angalia ratiba kabla ya kulipia kiti, au lala Narbonne. Ukikwama, Béziers iko robo saa tu kwa treni, ila kule usivae chungwa na nyeusi.