Hedifoni za waya kwa simu ndefu za msimu wa korosho: uzoefu wangu

Nazisifu hedifoni hizi kwa jambo moja kubwa: tangu niwe nazo, naongea na simu kwa sauti ndogo na bado nasikia kila neno. Ni za waya, zinafunika sikio lote, zina maiki inayofika karibu na mdomo. Nilizinunua Mtwara mjini kwa shilingi 35,000.

Napanga malori ya kubeba korosho kutoka vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima vya Tandahimba na Newala hadi maghala ya Mtwara. Msimu ukifunguliwa Oktoba, simu haitoki sikioni. Karani anakusomea idadi ya magunia huku lori linanguruma nyuma yake, na kidole chenyewe kinakwenda kuongeza sauti hadi mwisho. Jioni sikio langu la kulia lilikuwa linalia kama lina nyenje ndani.

Mlio huo si wa kupuuza. Ndani ya sikio kuna seli zenye vinyweleo vinavyopokea mtikisiko wa sauti, na kwa binadamu zikifa hazioti tena. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima. Sauti ikifika desibeli 90, muda huo unashuka hadi saa 4. Mtu anayeshinda na simu anazimaliza mapema sana!

Pedi za hedifoni hizi zinazuia kelele za nje, na maneno yanaingia masikio yote mawili, kwa hiyo sina sababu ya kupandisha sauti. Iafoni ndogo nilizotumia awali zilikuwa zinalegea, makelele ya bajaji yakipenya naongeza sauti tena. Muuzaji alinisifia besi: “Dada, hizi muziki wake mzito.” Nikamwomba atoke barabarani anipigie, nami nibaki dukani nimezivaa. Besi haikusaidii kwenye simu. Mimi nataka karani akisema “sita” nisisikie “tisa”, maana hapo ni magunia ya watu.

Maiki nayo ni nzuri. Kuna mzee wa Kitangari ambaye kila simu ilikuwa ya kupaziana sauti. Siku hizi namwamkia “Shikamoo mzee”, ananijibu taratibu, “Marahaba mwanangu,” na mazungumzo yanaendelea hivyo hivyo.

Kasoro zipo. Joto letu la Novemba na Desemba linafanya pedi zilowe jasho, hivyo nazivua kila simu inapokatika, na masikio yanapumzika hapo hapo. Pini yake ni ya duara. Simu yangu haina tundu hilo, ikabidi ninunue kikebo cha kugeuzia cha Type-C. Barabarani sizivai kabisa, pikipiki hutaisikia.

Jambo ambalo wengi hawalijui: kwenye simu nyingi sauti ya maongezi ina kipimo chake, tofauti na ya muziki, na unaipunguza mkiwa mnaongea. Yangu naiweka katikati. Ghalani kukiwa na kelele, natoka nje kwanza ndipo nipokee.

Mlio wa jioni umepungua sana, ingawa nilikwenda pia kupimwa masikio hospitali, na yeyote ambaye mlio haumwishi hata akilala usiku kucha nampa ushauri huo huo. Ngozi ya pedi imeanza kubanduka. Pedi za akiba zinauzwa duka lile lile, na zikikosekana nitanunua tena hedifoni hizi hizi.